Njaa Iliponyamaza: Miaka Mitatu Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Asubuhi ya siku ya nne baada ya upasuaji, nikiwa nimekwisha kurudi nyumbani, nilikaa kitandani nikijaribu kutambua ni kitu gani kilichokosekana. Maumivu yalikuwepo, uchovu ulikuwepo, na kinywa changu kilikuwa kikavu kama karatasi. Kilichokosekana ni njaa. Tangu nilipopata akili zangu sikuwahi kuamka bila kukifikiria chakula: nitakula nini, nitakula saa ngapi, kitanitosha au hakitanitosha, na nitafanyaje nisiongeze sahani ya pili. Asubuhi ile fikra hizo hazikuwepo hata kidogo, na utulivu uliokuwepo mahali pake uliniliza. Furaha ilikuwemo katika kilio kile, lakini uchungu ulizidi, kwa sababu ndipo nilipoelewa kwamba watu wote walioniambia nijizuie, kwa miaka yote ile, walikuwa wakizungumza wakiwa na utulivu ambao mimi sikuwahi kujaliwa.

Nimesubiri miaka mitatu kabla ya kuandika habari hii, kwa kuwa katika mwaka wa kwanza mgonjwa wa upasuaji huu huwa na hamasa inayomzuia kuona mbali. Kilo zinashuka kila wiki, nguo zinapwaya, kila anayekutana naye anamsifu, na ni rahisi kudhani kwamba kazi imekwisha. Sasa naweza kueleza yaliyonipata kwa kituo.

Nilikuwa na umri wa miaka 41, uzito wa kilo 118 na urefu wa mita 1.64, hivyo kipimo changu cha uwiano wa uzito na urefu, ambacho wengi hukiita BMI, kilikaribia 44. Nilikuwa na kisukari cha aina ya pili kwa miaka sita, nilimeza dawa mbili za presha, na usiku pumzi zilinikatika usingizini, kiasi cha kulala na mashine ya kusukuma hewa iliyofungwa usoni kwa barakoa. Usidhani kwamba sikuwa nimejaribu. Niliwahi kupungua kilo 10, nikapungua kilo 14, nikapungua kilo 9, na kila mara zilirudi zikiwa na nyongeza. Wakati huo sikujua kwamba mtu anapopungua kwa kula kidogo, mwili wake hujihami: hupunguza matumizi ya nguvu na kuongeza homoni za njaa, na tafiti zimeonyesha kwamba hali hiyo huweza kuendelea hata baada ya mwaka mzima. Mimi nilijua jambo moja tu, kwamba nimeshindwa tena.

Kuna siku nilikwenda kutibiwa goti. Daktari hakuligusa goti lenyewe. Aliandika kitu kwenye faili, akasema bila kuinua macho, "Punguza kula, mama, hilo goti litapona." Ziara nzima haikufika dakika tano. Nilitoka nje nikakaa kwenye gari bila kuwasha injini, na sikurudi hospitali yoyote kwa karibu miaka miwili, ingawa sukari yangu ilikuwa ikipanda. Nalitaja jambo hili kwa sababu nimekutana na wagonjwa wengi wenye kisa kama hicho, na naamini kwamba aibu inayopandwa namna hiyo huwachelewesha watu kupata tiba kuliko hofu ya kisu.

Aliyenieleza habari za upasuaji kwa mara ya kwanza ni daktari wa kisukari. Aliniambia kwamba vigezo vilivyotumika kwa muda mrefu viliwekwa na jopo la wataalamu nchini Marekani mwaka 1991, yaani kipimo cha 40 na kuendelea, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaoambatana na unene, na kwamba mwaka 2022 vyama viwili vikubwa vya wapasuaji wa fani hiyo vilivishusha, vikapendekeza 35 hata kwa asiye na ugonjwa mwingine, na mwenye kisukari afikiriwe kuanzia 30. Kwa mizani yoyote kati ya hizo mimi nilikwisha kuvuka. Nilimwuliza swali lililokuwa likinisumbua zaidi: kama nina haki ya kufanyiwa upasuaji kwa jambo ambalo nimejiletea mwenyewe. Akaniuliza kama mgonjwa wa presha naye hujiletea. Sikuwa na jibu, naye hakunishurutisha nijibu.

Daktari mpasuaji alinieleza njia mbili zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, karibu asilimia 75 hadi 80, ili kibaki kitu kama mrija mwembamba. Ya pili ni mchepuko, ambao watu wengi huuita baipasi: mpasuaji hutenga kifuko kidogo cha ukubwa wa yai juu ya mfuko wa chakula, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, na chakula kinaruka sehemu iliyobaki. Mchepuko ulibuniwa katika Chuo Kikuu cha Iowa miaka ya 1960 na daktari Edward Mason na mwenzake Chikashi Ito, na umerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Kwa mwenye kiungulia kikali mchepuko ndio unaopendelewa, kwa sababu ile njia ya kwanza huweza kukizidisha. Kwa kuwa kipimo cha kamera kilichopitishwa kooni hakikuonyesha tatizo kubwa, tulikubaliana juu ya njia ya kwanza. Hakunificha hatari: mshono kuvuja, damu kuganda miguuni na kusafiri hadi mapafuni, kutokwa damu, na kifo, ambacho kwa hospitali zenye uzoefu ni nadra, kwa kiwango kinachokaribiana na upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo. Neno "nadra" lilinikesha usiku kadhaa. Kisha nikapima hatari hiyo na ile ya kubaki nilivyo, nikaona kwamba huku nako si salama, ila tu kumezoeleka.

Kabla ya kupasuliwa nilionana pia na mwanasaikolojia. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kwenye usaili, na majibu yangu nimeyapanga. Yeye aliniuliza swali moja ambalo sikulitarajia: "Unapokula bila kuwa na njaa, huwa unatafuta nini?" Nilisema sijui. Akaandika, akasema tutalirudia. Kwa wiki mbili za mwisho nilikula chakula chenye wanga na mafuta kidogo sana, hasa vinywaji vya protini na mboga, ili ini lisinyae. Ini la mtu mnene huwa kubwa na limejaa mafuta, nalo hulala juu ya mfuko wa chakula, hivyo lisipopungua mpasuaji hukosa nafasi ya kufanya kazi. Wiki hizo mbili zilikuwa ngumu kuliko chochote kilichofuata, kwa sababu njaa ilikuwa bado hai.

Kuhusu upasuaji wenyewe nina machache ya kusema, kwa kuwa nilikuwa nimelala. Walinitoboa matundu matano madogo, wakalijaza tumbo gesi ya kabonidayoksaidi ili waone vizuri kwa kamera, wakapitisha mpira mwembamba kinywani uwe kipimo cha mrija utakaobaki, kisha wakakata na kubana kwa pini ndogo za chuma cha titani. Ilichukua muda wa saa moja na nusu. Nilipozinduka, maumivu makali hayakuwa tumboni bali kwenye bega la kushoto, na niliogopa nikidhani ni moyo. Muuguzi akanieleza kwamba gesi iliyobaki husumbua kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho hupeleka maumivu begani. Dawa yake kubwa, alisema, ni kutembea.

"Haya mama, kaa kwanza pembeni mwa kitanda, pumua, kisha tusimame pamoja," aliniambia jioni ile ile, saa tano tu tangu nitoke chumba cha upasuaji. Nilimwona kama mtu asiye na huruma. Tulitembea hatua ishirini, mkono mmoja nimeshika nguzo ya dripu na mwingine nimemshika yeye, na soksi za kubana miguu zikinipanda mapajani. Baadaye nilielewa kwamba hatua zile, pamoja na sindano za kuzuia damu kuganda nilizoendelea kujidunga mwenyewe tumboni kwa wiki mbili, ndizo zilizokuwa zikilinda mapafu yangu.

Siku ya pili nililetewa kikombe. Nataka kukieleza vizuri, kwa sababu ninacho mpaka leo kwenye droo ya jikoni. Ni kikombe cha plastiki cha kupimia dawa ya maji, chenye mistari ya vipimo ubavuni, na mstari wa juu kabisa unasema mililita 30. Nilitakiwa kunywa maji ya kikombe kimoja kwa dakika 15, kwa kuonja, si kwa kugugumia. Nilikitazama nikaona ni dhihaka, maana nilikuwa na kiu ya kumaliza jagi zima. Nikanywa nusu yake kwa mkupuo mmoja. Papo hapo kifua kilibana katikati, kana kwamba mtu ameweka kidole ndani na kusukuma juu, mate yakajaa kinywani, na nikakaa nimeinama dakika kadhaa nikisubiri maji kiasi cha vijiko vitatu vya chai yapite. Tangu hapo nilikunywa kwa heshima. Ukipiga hesabu, kunywa lita moja na nusu kwa kikombe kile, kila baada ya dakika 15, kunahitaji saa 12 na nusu, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kutwa nzima kwa wiki za mwanzo. Wengi wanaorudishwa hospitalini mapema hurudi kwa sababu ya kukaukiwa maji.

Sasa nirudi kwenye ile njaa iliyonyamaza. Mwaka 1999 watafiti wa Japani walitangaza ugunduzi wa homoni waliyoiita ghrelini, ambayo hutolewa zaidi na sehemu ya juu ya mfuko wa chakula na kuupelekea ubongo habari ya njaa. Sehemu hiyo ndiyo iliyoondolewa mwilini mwangu. Zaidi ya hayo, chakula baada ya upasuaji hufika kwenye utumbo haraka, na utumbo hutoa kwa wingi homoni za kushiba, mojawapo ikiwa GLP-1, ile ile inayoigwa na sindano za kupunguza uzito zinazozungumzwa sana siku hizi. Kwa hiyo si kweli kwamba upasuaji huu hufanya kazi kwa kupunguza nafasi ya chakula peke yake. Hubadilisha mazungumzo kati ya tumbo na kichwa. Sukari yangu ilianza kushuka kabla sijapungua kilo za kutajika, dawa zikapunguzwa nusu siku ya kuruhusiwa, na mwezi wa tano niliacha metformini, dawa yangu ya kisukari, kwa maelekezo ya daktari. Kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilishuka kutoka asilimia 9.1 hadi 5.8. Daktari wangu ni mwangalifu wa maneno: anasema kisukari kimetulia, wala hasemi kimepona, na ananipima kila miezi sita. Mashine ya usingizi niliirudisha mwezi wa saba.

Hata hivyo mwili mpya una sheria zake, na nilizijifunza kwa kuzivunja. Wiki ya sita, siku nilipoanza kuruhusiwa nyama laini, nilikula kuku nikiwa nimesimama jikoni, kwa haraka, huku nikizungumza kwenye simu. Vipande vitatu tu. Vilinasa. Nilitapika mate mazito yenye povu kwa karibu saa nzima, nikiwa nimepiga magoti bafuni, na binti yangu akinipangusa shingo kwa taulo lenye maji akiuliza, "Mama, niite gari?" Hakikuwa kitu cha hatari, lakini tangu siku hiyo nakula nimekaa, natafuna kila tonge mara 20 au zaidi, naanza na protini, na sinywi maji pamoja na chakula hadi ipite nusu saa. Mgonjwa anayetapika siku baada ya siku asikae nyumbani akivumilia, kwa kuwa upungufu wa vitamini B1 unaotokana na hali hiyo huweza kuudhuru ubongo bila kupona kabisa. Hilo halikusisitizwa vya kutosha kwenye karatasi niliyopewa wakati wa kutoka, na ningependa lingeandikwa juu kabisa kwa herufi nzito.

Wiki ya tatu mizani iligoma kwa siku kumi na mbili. Mwezi wa nne nywele zilianza kutoka kwa mafungu nilipochana, na ingawa nilikuwa nimeambiwa kwamba mshtuko wa kupungua haraka huzisukuma nywele nyingi kwenye mapumziko kwa wakati mmoja, na kwamba huota tena, nililia kama niliyesalitiwa. Ziliota. Ngozi ya mikono na tumbo imelegea na itabaki hivyo. Kiungulia kimekuja, si kikali, na nameza kidonge. Vitamini nitameza maisha yangu yote: ya mchanganyiko, B12, D, madini ya chuma na kalsiamu, na hizi mbili za mwisho hazimezwi pamoja, sharti zipishane kwa saa mbili. Wanawake wenzangu nawaambia pia kwamba ujauzito unashauriwa usubiri miezi 12 hadi 18, na kwamba hedhi iliyokuwa imepotea huweza kurudi ghafla na kumshtua asiyejiandaa.

Lililonipa kazi kubwa kuliko yote halikuwa la mwili. Mwezi wa nane, saa tatu usiku, watoto wamekwisha kulala, nilijikuta nimesimama mbele ya friji. Mlango ulikuwa wazi, taa yake ikiangaza sakafuni, na ubaridi ukinigusa magoti. Sikuwa na njaa. Nilikuwa nimesimama pale muda mrefu kiasi kwamba friji lilianza kulia kunikumbusha nifunge. Miguu yangu ilikuwa imenileta mahali ilipozoea kunileta kila usiku tangu mama yangu alipofariki, saa ile ile niliyokuwa nikimpigia simu. Nikalikumbuka swali la mwanasaikolojia. Kesho yake niliomba miadi, na tulilirudia, kwa miezi kadhaa. Kikundi chetu cha wagonjwa huiita hali hii njaa ya kichwani, na hakuna pini ya titani inayoifikia. Wapo wenzetu ambao, walipokosa faraja ya chakula, waliipata kwenye pombe, ambayo baada ya upasuaji hupanda kichwani haraka na kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo siwezi kumshauri mtu apasuliwe mahali ambapo akishonwa tu anaagwa na kuachwa ajitegemee.

Ndugu zangu wengine walisema nimekata njia ya mkato. Kaka yangu alilisema mbele ya watu, mezani, akitaka kusifu nidhamu ya mtu mwingine aliyepungua kwa mazoezi. Dada yetu mkubwa akamjibu kabla yangu, "Wewe ulimwona alivyokuwa akihema kupanda ngazi nne. Ungempitisha njia gani tena?" Sikuongeza neno. Lakini lilinichoma, na bado nalifikiria, kwa sababu hakuna anayemwambia aliyefanyiwa upasuaji wa moyo kwamba amekata njia.

Mwaka mmoja baada ya upasuaji nilikuwa na kilo 84. Leo nina kilo 88. Kilo nne zimerudi, na nilipoziona mara ya kwanza nilikaribia kuacha kwenda kliniki, kwa ile ile aibu iliyonikalisha kwenye gari siku ya goti. Nilikwenda. Mtaalamu wa lishe alinionyesha kwamba kurudi kidogo baada ya mwaka wa pili ni jambo la kawaida, na alichotaka kujua ni kama nakula nimekaa.

Na njaa nayo ilirudi. Ilikuwa mwezi wa kumi na nne, asubuhi, nikiwa kazini: tumbo liliunguruma, na ile hali ya zamani ya kuvutwa kuelekea chakula ikajitokeza. Mikono ilinitetemeka. Nilidhani kila kitu kimebomoka, na kwamba ndani ya mwaka nitakuwa nilikoanzia. Nikafungua kopo nililobeba, nikatoa yai la kuchemsha, nikalikata vipande vidogo, nikala taratibu hadi nusu yake. Nikasubiri, nimeshika kijiko, nikijiandaa kwa ile sauti ya kutaka zaidi ambayo kwa miaka 41 haikuwahi kunyamaza kwa sababu tu nimekula. Haikuja. Nilikuwa na njaa, nimekula, na njaa imekwisha. Nililifunika kopo lenye nusu ya yai, nikaliweka kando, nikarudi kwenye kazi yangu.